Meli Haimngoji Mtu: Maswali Yenu Kuhusu Bandari za Karibi

Ziara za nchi kavu zinazouzwa kwenye meli ya utalii ni ghali mno. Nikichukua za watu wa nje halafu nikachelewa, meli itanisubiri? (Houston)

Haitakusubiri, ndugu yangu. Swali hili linarudi kila msimu kana kwamba jibu litabadilika. Ziara iliyouzwa na meli ikichelewa, mzigo ni wa meli: itawangoja, au itawafikisha bandari inayofuata kwa gharama yake. Ziara ya nje ikichelewa, tiketi ya ndege na hoteli ni juu yako.

Sisemi ununue kila kitu melini. Kule Nassau, Bahamas, ufuo wa Junkanoo unafikika kwa miguu kutoka gatini. Kulipia ziara ya kwenda huko ni kutupa pesa. Panapo umbali wa saa mbili barabarani ndipo unapolipia usalama wako.

Kilichobaki ni hesabu, nayo hupigwa kinyumenyume. Meli inaondoka saa 11 jioni, basi mwisho wa kupanda kwa kawaida ni saa 10:30. Toa saa moja na nusu ya akiba: saa 9 alasiri uwe umeshafika gatini. Toa na muda wa njiani. Asubuhi nako usianze kuhesabu meli inapofunga kamba, kwa maana kuna kusubiri kibali cha kushuka, kuna foleni ya lifti, kuna foleni ya ngazi. Kinachobaki katikati ndiyo siku yako, na mara nyingi ni fupi kuliko kijitabu kinavyokuahidi.

Tutashuka Cozumel. Tunaweza kwenda kuona piramidi ya Chichén Itzá? (Minneapolis)

Tazameni ramani kwanza. Cozumel ni kisiwa cha Meksiko, na piramidi iko bara. Kivuko hadi Playa del Carmen, mji wa bara, ni kama dakika 45, kisha kuna saa mbili na nusu za barabara. Zidisha mara mbili: saa sita na nusu zimekwisha na hujaona hata jiwe moja. Kama roho yako iko Chichén Itzá, tafuta safari inayotia nanga Progreso, bandari ya bara, ambako njia ni kama saa mbili. Kumbuka tu kwamba gati la huko limeingia baharini kilomita 6.5 na utasubiri basi la kukufikisha nchi kavu. Mkibaki Cozumel, magofu ya San Gervasio yako hapo hapo kisiwani. Ni madogo, lakini mtayaona bila kukimbizana na saa.

Saa ya simu ilibadilika yenyewe tulipofika bandarini. Nifuate ipi? (Atlanta)

Ya meli, siku zote. Simu hufuata mnara iliounasa. Jamaika haisogezi saa wakati wa kiangazi, na jimbo la Quintana Roo, lenye Cozumel, halisogezi tangu 2015. Miami inasogeza. Kwa hiyo mwezi wa Julai, kama meli imebaki na saa za Miami, simu yako Cozumel inasoma saa 9:30 na melini ni saa 10:30: umeachwa huku unakula taco. Vaa saa ya mkono, iweke sawa na ya melini kabla ya kushuka. Na simu izime mtandao ukiwa baharini, maana mnara wa meli hutoza bei yake.

Nimeweka ziara ya taa, wale samaki wa Stingray City, saa 2:30 asubuhi. Meli inafika saa 2. Inatosha? (Dallas)

Haitoshi, dada. Grand Cayman haina gati la meli kubwa. Mtashushwa kwa mashua, na wenye ziara za meli hutangulia. Ninyi wengine mtapewa namba. Acha angalau saa moja na nusu. Belize City ni vilevile, na huko meli husimama mbali zaidi kwa kuwa bahari ni ya kina kifupi. Mawimbi yakizidi, nahodha anaipita bandari bila kusimama. Kabla ya kulipa, pata kwa maandishi kwamba meli isipofika unarudishiwa pesa zako zote.

Nina grini kadi na pasipoti ya Tanzania. Nishuke nazo? (Columbus)

Ziache kwenye sefu ya chumbani, isipokuwa meli imetangaza kwamba bandari hiyo inazitaka. Shuka na nakala pamoja na simu ya wakala wa meli bandarini, ambayo huandikwa kwenye karatasi ya ratiba ya kila siku. Ukiachwa, kwa kawaida mabaharia hufungua sefu na kumkabidhi wakala pasipoti yako.

Usidanganywe na jirani anayesafiri na cheti cha kuzaliwa. Ruhusa hiyo ni ya raia wa Marekani kwenye meli inayorudi bandari ileile. Meksiko haimdai viza mwenye grini kadi, lakini usiichukulie hiyo kuwa kanuni ya Karibi nzima. Kagua nchi moja moja kabla ya kulipa.

Hukuuliza, ila nitasema: Jamaika ililegeza sheria ya bangi mwaka 2015, Marekani ya serikali kuu haikulegeza. Kukiri tu mbele ya ofisa wa uhamiaji kwamba umevuta kunaweza kukugharimu kadi yenyewe.

Mtoto anaweza kuvaa suruali ya mabaka ya kijeshi? (Seattle)

Hapana. Jamaika, Barbados, Antigua na St. Lucia ni kosa kwa raia, mtoto naye.

Tukodi gari St. Thomas? Sisi wa Nairobi tumezoea kushoto. (Boston)

Mmezoea kushoto na usukani uko kulia. St. Thomas, kisiwa cha Marekani, wanaendesha kushoto kwa magari ya Kimarekani, usukani kushoto, kwa hiyo dereva anakaa upande wa mtaro na haoni mbele akitaka kulipita lori. Milima ni mikali, kona ni za ghafla. Pandeni teksi za wazi. Nauli imepangwa na serikali na hulipwa kwa kichwa, si kwa gari, basi ulizeni kabla ya kukaa. Mkirudi kutoka ufuo wa Magens Bay, mtajieni dereva gati lenu: Havensight na Crown Bay ziko pande mbili tofauti za mji.