Diski imetoka kwenye seva kisha ikarudi yenyewe: nianzie wapi?

Swali: Mimi ni katibu wa shule ya sekondari huku Kadutu, Bukavu. Buletini zetu, yaani ripoti za alama za wanafunzi, zimo katika seva ya zamani ya Linux yenye diski 4 za terabaiti 2, zilizounganishwa kwa RAID 5, mpangilio unaozifanya diski kadhaa zifanye kazi kama moja. Siku hizi faili huchelewa kufunguka. Juzi diski moja ilitolewa kwenye kundi, lakini nilipozima na kuwasha mashine ilionekana tena kama nzima. Mwenzangu mmoja anataka tuirudishe kundini, mwingine anasema tununue mpya na kujenga upya kundi leo leo. Nimsikilize nani?

Jibu: Ndugu katibu, kwa sasa usimsikilize hata mmoja. RAID 5 huvumilia kupotea kwa diski 1 tu, na yenu imekwisha kupotea. Kila kilichomo kinategemea diski 3 zilizobaki, ambazo pengine zilinunuliwa pamoja na kuzeeka pamoja. Chomeka diski ya nje, fungua mfumo wa faili kwa kusoma tu, kisha nakili kwanza yale ambayo hakuna awezaye kuyaandika upya, yaani buletini na hesabu za minervali (ada za shule). Picha za sherehe zitasubiri. Usiendeshe `fsck`, programu ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili, kabla nakala haijakamilika, kwa sababu huandika juu ya diski unazojaribu kuziokoa.

Kujenga upya ndiko kunakonitia hofu zaidi, kwa kuwa kunalazimisha diski 3 za zamani kusomwa kuanzia sekta (kipande kidogo cha kuhifadhia data) ya kwanza hadi ya mwisho, ili kukokotoa yaliyokuwa kwenye diski iliyopotea, terabaiti 6 kwa jumla, zikiwemo sekta ambazo hazijaguswa kwa miaka. Ikitokea diski ya pili ikashindwa kazi ikiwa katikati, kundi zima linaweza kuanguka, na hapo usipokuwa na nakala huna kitu.

Wakati kunakili kunaendelea, andika `smartctl -a /dev/sda`, agizo linaloonyesha afya ya diski (`sda` ni jina la diski), kisha ufanye vivyo hivyo kwa kila diski, ukitazama safu ya mwisho, RAW_VALUE. Katika jedwali litakalotokea, namba 197 huhesabu sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaziamulia. Namba 5 huhesabu zile ambazo imekwisha kuzihamishia kwenye akiba yake. Ikiwa 197 si sifuri, diski hiyo ni mgonjwa. Lakini ikiwa 5 na 197 ni sifuri na inayopanda ni 199 peke yake, inayohesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na mashine, shuku kebo kabla ya kutoa hela ya diski. Hesabu ya 199 haishuki hata baada ya kebo kubadilishwa, kwa hiyo iandike kwenye karatasi, uone kama itaongezeka.

Kuhusu diski kutoka na kurudi, diski nyingi za kompyuta za kawaida zikikutana na sekta mbovu hung'ang'ana nayo kwa dakika nzima au zaidi, ilhali Linux, isipoelekezwa vingine, hungoja jibu kwa sekunde 30 tu. Muda ukipita, mfumo huanzisha upya mawasiliano, na diski ikiendelea kunyamaza huhesabiwa kuwa imekufa. Ukiwasha upya mashine inajitokeza kwa sababu wakati huo hakuna aliyeigusa sekta ile. Kurudi kwake, basi, si ushahidi wa uzima. Kwa diski 3 zinazofanya kazi, ongeza muda wa kungoja kwa `echo 180 > /sys/block/sda/device/timeout`, ukibadilisha jina la diski kila mara. Agizo hili hupotea mashine ikizimwa.

Kunakili kukikwama kwenye diski mojawapo, simamisha kundi, kisha uhamishe diski hiyo nzima kwenye mpya kwa `ddrescue`, programu ya kunakili diski zenye hitilafu, ukiitunza faili yake ya ramani ili kazi ikikatizwa iendelee pale ilipoishia. Na mtu yeyote asikushauri `mdadm --create`, agizo la kuunda kundi jipya, kuwa ni dawa ya haraka: kosa dogo la mpangilio wa diski huharibu data ambayo ilikuwa bado inaokoleka.

Nakala ikiwa mkononi na umeifungua ukaona inasomeka, ndipo ununue diski mpya. Epuka zile za SMR, ambazo nyuzi zake huandikwa zikipandana, kwani huwa za polepole mno wakati wa kujenga upya kundi. Ukiuziwa iliyotumika, tazama namba 9, inayohesabu saa ambazo diski imewashwa. Saa 8,760 ni mwaka mmoja wa kazi mfululizo, ingawa wapo wauzaji wanaojua kuifuta hesabu hiyo.

Mwisho, tazama 192, ambayo kwa diski nyingi huonyesha ni mara ngapi umeme ulikatika ghafla. Kwa jinsi umeme unavyokwenda na kurudi hapa Bukavu sitashangaa ikiwa juu. UPS, kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, peke yake haitoshi. Iunganishe na seva kwa kebo ya USB na uipange izime mashine taratibu kabla betri haijakwisha, hata usiku ambapo ofisi imefungwa.