Mtu akikubali shingo upande, amekubali au amekataa?

SWALI: Shikamoo mzee wa safu. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, juzi kwenye muhtasari wa kikao nikaandika "mweka hazina alikubali shingo upande kuongezewa muda". Wee! Mweka hazina kasoma akawaka, anasema nimemtukana mbele ya wanachama, afu mjumbe mwingine naye anasema shingo upande maana yake alikataa kwahiyo nimeandika uongo. Mimi nilimaanisha alikubali ila hakupenda. Nani yuko sawa hapo?

JIBU: Marahaba. Kwenye maana uko sawa wewe, ila kwa pale ulipoiandika umejitafutia mwenyewe.

Tuanze na huyo mjumbe. Shingo upande haimaanishi kukataa hata kidogo, yenyewe inakuja nyuma ya kitenzi na kukuambia kitendo kilifanyika bila moyo kuwepo: alitoa shingo upande, aliondoka shingo upande, alimsamehe shingo upande. Na tena hata kukataa kwenyewe kunaweza kuwa shingo upande, mtu anaitaka kweli ile nafasi, mate yanamtoka, lakini kabanwa na mambo yake basi anaikataa huku roho inamuuma. Kwahiyo angalia kitenzi kwanza, ndo kitakwambia kama ni ndiyo au hapana.

Watu wanaichanganya na kusitasita. Anayesitasita hajaamua bado, mguu mmoja ndani mwingine nje, akishasema ndiyo basi kusitasita kumeisha na hapo ndo shingo upande inaweza kuanza. Kusuasua nako ni kingine, huo ni mwendo wa kulegalega wa jambo, ndo maana mradi unasuasua, mazungumzo yanasuasua, wakati mradi hauwezi kuwa shingo upande kwasababu hauna moyo wa kukunja. Halafu kuna kinyongo, na hiki ndo cha kuogopa, manake mtu anaweza kukubali shingo upande leo na wiki ijayo kashasahau anapiga kazi vizuri tu, ila mwenye kinyongo kaweka moyoni, anakusubiri.

Kitu kidogo cha sarufi maana najua mtaniuliza: haibadiliki. Wakiwa mia wote walikubali shingo upande, sio "shingo zao upande". Na hii ya "kwa shingo upande" naisikia sana, nadhani watu wanaiga kwenye kinyume chake, kwa moyo mkunjufu, kwa roho safi, huko "kwa" ina kazi yake. Kwenye shingo upande mi naona imezidi, ila sitagombana na mtu.

Sasa mweka hazina. Tusi sio, hapo kazidisha, ila mwelewe. Ukiandika alikubali umeandika alichosema, ukiongeza shingo upande umeandika kilichomo moyoni mwake ambacho hakukisema, umekisoma wewe usoni kwake. Angesema mwenyewe "nimekubali shingo upande" hakuna shida, ni lake. Kwenye stori za kawaida baada ya kikao pia ruksa, huko tunasoma nyuso za watu kila siku. Muhtasari ni kitu kingine, unakaa kwenye faili na kesho kukipotea hela kuna mtu atakuja kusema si mliona, huyu kazi alikuwa haitaki toka mwanzo! Ungeandika maneno yake tu, kwamba alikubali na akaomba msaidizi kama aliomba, msomaji mwenye akili angejaza mwenyewe.

Kikao kijacho, mkifika kwenye kuthibitisha muhtasari, omba hayo maneno mawili yafutwe halafu muombe radhi. Na akiipokea huku kanuna, tafadhali katibu, andika "alipokea" uishie hapo hapo.