Kutoboa tundu la kitasa cha duara kwenye mlango wa mbao uliovikwa bati

Mkuu, kwa ulivyoeleza, mlango wako wa uani huko Njiro, Arusha, ni wa mbao, umevikwa bati pande zote mbili, na umenunua kitasa cha duara cha kawaida. Holsoo, yaani ule msumeno wa mfano wa kikombe, imechora mduara tu halafu meno yakaisha, na bati limegeuka bluu. Wadau wawili wamekushauri umalizie kwa grainda, ile mashine ya diski ya kukatia chuma. Naomba usifanye hivyo, sababu nitazitoa.

Mlango wa namna hii ni vitu viwili vilivyobanana. Bati linataka mwendo wa taratibu na meno magumu, mbao inataka mwendo wa kasi zaidi na nafasi ya kutoa vumbi. Makosa mengi yanatokana na kuvitoboa kwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja.

Kwanza holsoo yenyewe. Zile seti za boksi zenye vikombe vingi vyeusi kwa bei ya kutupa ni chuma cha kaboni, kazi yake ni mbao laini, plastiki na jipsamu. Kwenye bati hazifiki popote. Unayohitaji ni ya bimeto, ambayo mwili wake ni chuma kinachonepa na meno yake ni chuma kigumu kilichochomelewa kwenye ukingo, au ile yenye vipande vya kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma, kwenye meno. Ya kabaidi inakata bati jembamba safi sana, lakini nyingi ni fupi, haziingii ndani ya mbao, na meno yake yanamenyeka ukiitikisa. Kwa mlango mmoja nunua ya bimeto, milimita 54, pamoja na shina lake lenye biti ya katikati. Nunua na ya milimita 25 kwa ajili ya ubavu wa mlango. Ila soma kwanza karatasi iliyokuja na kitasa, kwa sababu vipo vinavyotaka vipimo tofauti kidogo.

Kabla ya kutoboa, pima unene wa mlango. Vitasa vingi vya duara vimetengenezwa kwa milango ya milimita 35 hadi 45. Mbao ya 44 ikivikwa bati la milimita 1 kila upande, weka na gundi, tayari umepita 46. Utatoboa vizuri halafu ukute skrubu za kuunganisha pande mbili hazifikiani. Hilo ligundue kitasa kikiwa bado kwenye boksi na risiti iko mfukoni.

Gonga pia mlango kwa kifundo cha kidole kuanzia ubavuni kuelekea katikati. Sauti nzito maana yake mbao ipo, sauti ya debe maana yake ndani ni wazi, povu au karatasi yenye matundu kama sega la nyuki. Milango mingi ya dukani ina kipande cha mbao upande wa kitasa tu, tena kwa urefu mdogo, kwa hiyo tafuta kinapoanzia na kinapoishia. Kama ni mlango wa chuma wenye kitasa cha ndani kinachosukuma nondo juu na chini, usitoboe kwa kukisia, maana utaukata mtambo. Na kama una kibati kinachosema ni wa kuzuia moto, uache kabisa, ukiutoboa ovyo hauwezi tena kuhesabiwa kuwa wa kuzuia moto.

Umbali kutoka ubavuni hadi katikati ya tundu ni milimita 60 au 70, na ulimi wa vitasa vingi, yaani kile chuma kinachoingia kwenye fremu, unarekebishika kwa vyote viwili. Mimi napendelea 70 kwenye fremu ya chuma, ili vidole visikwaruzwe na fremu unapozungusha. Kimo ni kati ya milimita 900 na 1,000 kutoka sakafu iliyokamilika. Halafu kitu ambacho watu wa Arusha na Moshi tunakisahau sana: grili. Kitasa cha duara kinachomoza sentimita 6 au 7 hivi. Funga mlango, funga na grili, pima nafasi iliyobaki. Kama ni sentimita 5, kitasa hicho hakifai hapo.

Bandika selotepu ya karatasi pande zote mbili na ubavuni, weka kiolezo, yaani karatasi ya vipimo ya kitasa, kikunje kwenye kona, chora. Kama ubavu umekatwa kwa mteremko kidogo, pimia kutoka katikati ya unene wake. Alama ya katikati igonge kwa senta panchi, ile ncha ya chuma ya kutia alama, polepole, kwa sababu ukigonga kwa nguvu bati jembamba linabonyea na bonde litaonekana hata baada ya kupaka rangi.

Toboa tundu la mwongozo kwa biti ya milimita 3, lipite mpaka upande wa pili, kisha lipanue kwa ya 6. Tundu hili ndilo linaloamua kama matundu mawili makubwa yatakutana. Drili ikiinama nyuzi 2 tu, kwenye unene wa milimita 46 unatokea upande wa pili ukiwa umepotea milimita 1.6. Simamisha skwea kando ya biti, na mtu mwingine akutazamie kutoka pembeni, kwa sababu jicho la anayetoboa halioni mwinamo wa juu na chini.

Sasa bati. Zima kabisa ile alama ya nyundo kwenye drili, maana mdundo wake unamenya meno. Weka gia ya kwanza. Chuma laini kwa holsoo ya bimeto kinataka meno yatembee kama mita 30 kwa dakika. Mzingo wa milimita 54 ni karibu milimita 170, kwa hiyo unapata raundi 170 hadi 180 kwa dakika. Drili ya betri yenye gia ya kwanza ya raundi 400 inataka kidole kibonyeze chini ya nusu. Ni taratibu kiasi kwamba macho yanaweza kufuata meno yanavyozunguka, na wengi hawana subira hiyo. Rangi ya bluu uliyoiona ni joto. Meno yalishalainika hapo, na ulivyozidi kukandamiza ndivyo yalivyozidi kusuguana bila kukata.

Paka nta ya mshumaa kwenye meno, rudia kila sekunde chache. Oili inakata vizuri zaidi kwenye chuma kitupu, lakini hapa itanyonywa na mbao, na mbao iliyolowa oili haishiki rangi wala gundi. Kama huna budi, tone moja au mawili kwenye mfereji, yatosha.

Banilia kipande cha plaiwudi cha milimita 12 juu ya bati kwa klempu, utoboe kupitia hicho. Plaiwudi inaishika holsoo isitangetange, na inazuia bati lisinyanyuke. Shika drili kwa mikono miwili, mpini wake wa pembeni ukiwa umefungwa kwenye drili. Hatari kubwa iko pale bati linapokaribia kukatika: jino moja linanasa, drili inazunguka yenyewe na kukunja kifundo cha mkono. Kama drili yako ina klachi inayofanya kazi kwenye gia ya kutobolea, iweke kiwango cha kati. Miwani vaa. Glovu za kitambaa vua, maana zinanaswa na kuvuta vidole.

Bati likikatika, simama. Toa sahani ya chuma iliyobaki ndani ya kikombe, piga mswaki meno, ndipo uingie kwenye mbao. Hapo unaweza kupandisha hadi raundi 400 hivi, ila itoe holsoo kila unapozama milimita 5 ili vumbi litoke. Moshi ukianza, vumbi limejaa kwenye meno. Fika kama nusu ya unene, halafu hamia upande wa pili na uanze tena na bati kwa mwendo ule wa polepole.

Kamwe usitoboe moja kwa moja mpaka utokee upande wa pili. Holsoo inayotoka ndani inalisukuma bati kutoka kwenye mbao, gundi inaachia, ukingo unapasuka na kuchanua kwa nje, na ua la kitasa, yaani ile sahani ya duara inayolala juu ya mlango, haliwezi kulifunika. Bati lililochanua hivyo hata ukiligonga na nyundo halirudi bapa kabisa.

Kama huwezi kupata holsoo nzuri, ipo njia ya zamani inayokubalika. Chora mduara wa milimita 54, ndani yake chora mwingine wa 49, na juu ya huo wa ndani toboa vitundu vya milimita 4 kila baada ya milimita 5. Vitafika 31. Kata bati lililobaki kati ya vitundu kwa patasi ya chuma, kisha maliza kwa tupa ya nusu duara mpaka kwenye mstari wa nje. Ua la vitasa vingi lina kipenyo cha karibu milimita 65, hivyo una milimita 5 kila upande za kuficha ukingo usionyooka. Njia hii inachosha, lakini haiharibu mlango.

Grainda ndiyo inayouharibu. Diski inakata mstari ulionyooka, kwa hiyo kila pembe inavuka mduara. Cheche zake zinaganda kwenye rangi, na masika yakianza kila cheche inakuwa kidoa cha kutu. Na kama ndani kuna povu au karatasi, unaweza kuuwasha mlango kutoka ndani. Moshi wa povu lile ni sumu, wala moto wake huuoni mapema.

Ubavuni, bati limekunjwa likafunika kona. Kata bati kwa holsoo ya milimita 25, kisha endelea kwenye mbao kwa biti bapa ya 25 mpaka ukutane na tundu kubwa. Biti bapa isiguse bati, itapoteza makali yake mara moja. Tundu kubwa likitangulia, vumbi lina pa kutokea na unaiona ncha inavyofika.

Sasa kibati cha ulimi, ambacho kwa kawaida ni milimita 25 kwa 57 na unene wa 2 hadi 3. Kwenye mbao tupu ungechimba kwa patasi ili kilale sawa na ubavu. Kwenye bati huwezi. Ukikiacha juu, mlango unabana, kwa sababu nafasi kati ya mlango na fremu ni kama milimita 3 tu. Suluhisho rahisi ni ulimi wa kugongea, wenye pete ya duara badala ya kibati, unaingia kwenye tundu la 25 na kukaa. Vitasa vingine vinakuja na vyote viwili ndani ya boksi, angalia vizuri. Vinginevyo chora umbo la kibati, kata bati la ubavu kwa vitundu na tupa, chimba mbao iliyo chini yake. Skrubu zake zitoboe tundu la milimita 4 kwenye bati na la 2.5 kwenye mbao, ili nyuzi zishike mbao. Skrubu inayolazimishwa kwenye mninga mkavu bila tundu inakatika kichwa.

Mlango ukiwa mtupu ndani bila kipande cha mbao, usikaze skrubu za kitasa juu ya ngozi ya bati peke yake, itabonyea na kitasa kitalegea. Nenda kwa fundi chuma, mtaa wa Unga Limited hapo Arusha wapo, na mjini Moshi wapo pia, akukunjie bamba la milimita 1.5 linalovaa ubavu na pande zote mbili za mlango kama kiatu, lenye matundu yaleyale. Linagawanya mkazo na linafunika hata mduara uliokwisha kuungua.

Kusafisha kusifanywe haraka haraka. Piga tupa ukingo, ukisukuma kutoka nje kuingia ndani. Chenga za chuma ziokote kwa sumaku iliyofungwa kwenye mfuko, na sakafu ifagiwe kavu kabla ya kudekiwa, la sivyo teraso inabaki na madoa mekundu. Paka ukingo wa bati rangi ya kuzuia kutu, paka na mbao ya ndani ya tundu vanishi mikono miwili. Mlango uliovikwa pande zote hauna pa kupumulia, na maji yakiingia kupitia kitasa mbao inavimba na kuoza bila wewe kujua. Upande wa nje weka silikoni chini ya ua, nusu ya juu tu. Ya chini iache wazi, maji yapate pa kutokea.

Ulimi ukae mteremko wake ukitazama upande unaogonga fremu mlango unapofungwa. Upake chaki, funga mlango, alama itabaki kwenye fremu. Fremu ya chuma itoboe vitundu vya milimita 6, unganisha kwa tupa, chimba saruji iliyo nyuma kama milimita 20. Hapo kuwa makini: kando ya ulimi wa vitasa vya nje kuna kipini kidogo. Kipini hicho lazima kibaki kimebonyezwa na kibati cha fremu mlango ukiwa umefungwa. Tundu likiwa kubwa kupita kiasi kinatumbukia pamoja na ulimi, na mtu anafungua kwa kadi ya plastiki. Jaribu mwenyewe: funga mlango, ubaki nje na ufunguo, usukume ulimi kwa kadi. Ukirudi nyuma, punguza tundu kwa kibati kingine.

Na kwa kuwa ni mlango wa nje, ongeza komeo la ufunguo juu yake, katikati hadi katikati milimita 140 au zaidi. Kitasa cha duara peke yake kinazungushwa kwa bomba na kukatika. Matundu ya komeo hilo yatoboe siku hiyohiyo, kabla hujapaka rangi.