Maswali ya Wasomaji: Nywele Zenye Utando wa Kijani

Nauza mawigi. Nampiga picha aliyeyavaa mbele ya ukuta wa kijani, kisha naondoa mandhari ya nyuma kwa Photoshop na kuweka nyeupe. Ncha za nywele zinabaki na utando wa kijani. Nimezifuta kwa kifutio hadi wigi likaonekana kama limekatwa kwa panga. Nakosea wapi? (Muuza mawigi, Mwanza)

Kifutio kiache kabisa. Kijani hicho hakiko kando ya unywele, kimo ndani yake. Unywele mara nyingi ni mwembamba kuliko pikseli moja, yaani kipande kidogo kabisa cha picha, hivyo kamera huchanganya rangi yake na ya ukuta katika pikseli hiyohiyo. Ukifuta kijani, unywele nao unakwenda.

Teua mtu kwa Select Subject, kisha ingia Select and Mask. Kwenye View chagua On White, kwa kuwa picha yako itakaa juu ya nyeupe. Kasoro utaziona papo hapo. Chukua Refine Edge Brush upitishe kwenye ncha za nywele tu. Usiguse mashavu wala mabega, maana brashi hiyo hula ngozi na kuacha ukingo uliotafunwa. Sasa weka alama kwenye Decontaminate Colors, uanze na asilimia 50 na kupanda polepole. Hapa ndipo dawa ilipo: programu inabadilisha kijani kilichomo ndani ya pikseli kuwa rangi ya nywele zilizo jirani. Kwa kuwa inagusa rangi zenyewe, matokeo hutoka kwenye tabaka (layer) jipya, na picha yako ya awali inabaki salama chini yake.

Kijani kikigoma bado, ongeza tabaka tupu juu, libane kwa Alt+Ctrl+G ili rangi isitoke nje ya tabaka la chini yake, badilisha Blend Mode yake (namna linavyochanganyika na la chini) kuwa Color, chota rangi ya nywele kwa kushikilia Alt, halafu paka kwa brashi laini mahali penye utando.

Lakini nusu ya tabu hii imeanzia kwenye kupiga picha. Ukuta wa kijani hurudisha mwanga wake juu ya nywele, hasa mtu akiuegemea. Msogeze mbele kama mita moja na nusu, au tumia shuka ya kijivu hafifu. Kwa nywele nyeusi zitakazowekwa juu ya nyeupe, utando wa kijivu hafifu hauonekani sana.

Nembo yangu ya PNG haina mandhari ya nyuma, lakini nikiituma WhatsApp inafika na mraba. Kwa nini? (Msomaji, Mombasa)

Umeituma kama picha. WhatsApp huibana kuwa JPEG, na faili la aina hiyo haliwezi kuhifadhi uwazi, yaani sehemu zisizo na rangi yoyote. Lazima sehemu hizo zijazwe rangi fulani. Itume kama hati, yaani Document. Na kama uliipakua mtandaoni ikiwa na vijimraba vya kijivu na vyeupe ambavyo haviondoki hata ukiifungua kwenye programu, hivyo vimechorwa ndani ya picha. Haikuwa na uwazi tangu mwanzo.

Kikombe cheupe juu ya meza nyeupe: kila zana ya kuteua yenyewe inameza ukingo wake. (Mpiga picha, Arusha)

Zana hizo hutafuta tofauti ya rangi, na hapo hakuna. Tumia Pen Tool, inayochora njia (path) kuzunguka kitu kwa nukta unazoweka mwenyewe. Weka nukta chache, pale tu mkunjo unapobadilika. Nukta nyingi huufanya mdomo wa kikombe uwe na mawimbi. Pita ndani ya ukingo kwa pikseli moja. Ukimaliza, chagua Make Selection na uweke Feather 0.5 ili ukingo ulainike kidogo. Tundu la mkono wa kikombe lichorewe njia yake peke yake, ulitoe kwenye uteuzi kwa Subtract from Selection. Watu wengi hulisahau, na meza ya zamani inabaki ikichungulia humo.

Kikombe kikionekana kinaelea, ongeza tabaka chini yake na upake kivuli cheusi kwa brashi laini, uzito wa asilimia 20 hadi 30, kizito zaidi pale kitako kinapogusa meza.