Kwota za kabila kazini: usipange viti kwa ajili ya mgeni

Jioni ya kuamkia ziara ya wafadhili, mkurugenzi wetu aliingia chumba cha mikutano, akahesabu viti vya mstari wa mbele, kisha akaniita. Nilikuwa na miezi saba tu katika kitengo cha rasilimali watu. "Hapa tutaonekana watu wa ukoo mmoja," akasema. "Mleteni yule dada wa bohari akae katikati. Na yule kijana wa masijala." Nikaandika majina yao kwenye vibandiko na kuvibandika kwenye viti kwa mkono wangu. Sikuona ubaya wowote. Niliona tunaisitiri nchi.

Kesho yake, mama mmoja katika ule ujumbe akaruka hotuba zote na kumgeukia yule dada moja kwa moja: mradi huu umebadilisha nini katika kazi yako? Mkalimani akatafsiri. Yule dada akatutazama sisi, akamtazama mgeni, akajibu kwa adabu kabisa: "Mimi niko bohari, mama. Nina miaka sita hapa, na leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuingia chumba hiki." Mkalimani akasita kidogo, kisha akatafsiri yote. Mgeni akaandika kwenye daftari lake.

Tangu siku ile nimekaa kwenye meza za usaili zaidi ya miaka kumi, na sehemu kubwa ya muda huo kazi yangu ilikuwa kusimamia kwota: nafasi ngapi ziende kwa watu wa jamii zipi, na kwa njia gani. Ninaloandika hapa ni kwa wewe ambaye umekabidhiwa kazi kama hiyo leo, na pengine umeambiwa kwa sauti ya chini kwamba "sura ya nchi" iko mikononi mwako. Ushauri wangu ni mmoja na mengine yote yanatoka humo. Kwota ya kabila ni deni kati ya wananchi wenyewe. Ukiilipa, mgeni ataona hata usipomwonyesha. Ukiifanya ya kumwonyesha mgeni, hujamlipa mtu, na mgeni mwenyewe hatakuamini.

Kwanza, mgeni unayetaka kumridhisha ni yupi? Ufaransa kwa kawaida hairuhusu mwajiri kukusanya takwimu za rangi au kabila za watu wake. Sheria yao ya mwaka 1978 iliweka zuio hilo, na mwaka 2007 Baraza la Katiba likalitilia nguvu. Marekani, mwajiri binafsi mwenye wafanyakazi 100 au zaidi anatakiwa na sheria kupeleka serikalini kila mwaka hesabu ya watu wake kwa rangi na jinsia. Kwa hiyo fomu ileile ya kuandika kabila uliyoiweka mezani, mmoja ataiona ni aibu kuwapo kwake, na mwingine angeona aibu kama isingekuwapo. Nimewahi kuwa na wageni wa aina zote mbili katika chumba kimoja. Hakuna kiti utakachokisogeza kikawapendeza wote.

Halafu macho ya nje hayatulii mahali pamoja. Rais Johnson wa Marekani alitoa amri mwaka 1965 iliyowataka wakandarasi wa serikali wachukue hatua za makusudi ili watu wa rangi zote wapate kazi. Amri ile ilidumu karibu miaka 60. Tarehe 21 Januari 2025 Rais Trump akaifuta. Wiki mbili na siku kadhaa baadaye akasaini amri ya kusimamisha misaada kwa Afrika Kusini, akilalamikia hasa sheria ya ardhi lakini akizitaja kwa lawama pia sera zao za ajira. Mwezi uliotangulia tu, Afrika Kusini ilikuwa imeanza kutekeleza marekebisho ya sheria yake ya usawa kazini, yanayompa waziri uwezo wa kupanga malengo ya uwiano wa rangi ya kila sekta kwa waajiri wenye watu 50 na zaidi. Unaweza kubishana na marekebisho hayo. Mimi binafsi ninaogopa lengo la mezani linalopangwa mbali na mahali kazi inapofanyika. Lakini sheria yenyewe ya usawa kazini ya mwaka 1998 haikutungwa ili kuupendeza mji wowote wa ng'ambo. Ilitungwa kwa sababu, chini ya ubaguzi wa rangi, kulikuwa na kazi ambazo sheria iliwatengea Wazungu na kumfungia Mwafrika mlango. Sababu iko nyumbani. Nchi ambayo sababu yake iko nyumbani inaweza kusimama upepo wa nje ukibadilika. Ile iliyojenga kwota yake juu ya sifa za wageni itaibomoa siku sifa zikikoma.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa Burundi. Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000, uliofungua njia ya kumaliza vita vilivyoanza 1993, ulizaa Katiba ya 2005 iliyosema wazi: serikalini na katika Bunge, Wahutu asilimia 60 na Watutsi asilimia 40; jeshini, kabila moja lisizidi nusu. Watu waliokuwa wakiuana walikubaliana hesabu hiyo mezani, na hesabu hiyo iliwasaidia kuweka silaha chini. Kisha mwaka 2017 ikaja sheria iliyoyataka mashirika ya kigeni yasiyo ya kiserikali yafuate uwiano uleule katika ajira zao, na mwishoni mwa Septemba 2018 serikali ikayasimamisha kwa miezi mitatu hadi yatimize masharti. Baadhi yakagoma kuandika makabila ya wafanyakazi wao, na shirika moja kubwa likafunga virago.

Tarakimu ni zilezile, 60 kwa 40. Kwa nini kwanza zilionekana dawa na baadaye zikatia hofu? Kwa sababu watu walijiuliza orodha hiyo itakaa kwa nani na itatumika siku gani. Katika nchi jirani ya Rwanda, kitambulisho chenye kabila, kilicholetwa enzi za Wabelgiji, ndicho kilichoamua nani afe kwenye vizuizi vya barabarani mwaka 1994. Mtu anayetoka kwenye historia hiyo akiona safu ya "kabila" kwenye karatasi, hafikirii usawa. Anafikiria kizuizi.

Mimi mwenyewe nilikosea hapo, na ninalitaja ili wewe usirudie. Mwaka wangu wa pili niliongeza safu ya kabila kwenye orodha kuu ya watumishi, nikaituma kwa wakuu wa idara ili tupange kwota pamoja. Kabla ya saa sita mchana orodha ilikuwa kwenye simu za madereva, na watu walikuwa wamesimama korido wakihesabiana. Karani mmoja, baba wa makamo, aliniletea fomu yake akaniuliza kwa upole nani alinieleza kabila lake, maana mama yake ni wa huku na baba yake wa kule, na yeye hajawahi kuulizwa. Nilikuwa nimekisia kutokana na jina lake la ukoo. Sikuwa na jibu.

Tangu hapo nafanya hivi. Mtu anajitaja mwenyewe, akipenda, na ana haki ya kuacha nafasi wazi au kuandika zaidi ya moja. Karatasi hiyo haikai kwenye jalada lake binafsi. Jopo la usaili haliioni kamwe. Kinachotoka nje ya chumba changu ni jumla tu, na idara ikiwa na watu wachache kiasi kwamba jumla itamfichua mtu, naiunganisha na idara nyingine.

Jambo la pili la kuangalia ni ngazi. Kenya, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ilitunga Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa mwaka 2008, inayosema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya watumishi wake kutoka jamii moja. Ni kanuni nzuri, fupi, na kila mtu anaielewa. Lakini theluthi ya jumla ya watumishi inaweza kutimia kwa walinzi, wafagizi na madereva, huku ghorofa ya juu ikisalimiana kwa lugha moja ya nyumbani. Ofisini kwetu ndivyo ilivyokuwa. Ukitutazama kwa jumla tulikuwa mfano wa kuigwa. Nilipozichambua hesabu kwa daraja la mshahara, nikaona jamii tatu ndogo haziko kabisa juu ya daraja la kati. Basi hesabu kwa daraja, na uhesabu pia nani anapandishwa na baada ya miaka mingapi. Ukileta kwa bodi hesabu ya jumla peke yake, unafunika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu safari hii ni mwenzako wa ofisi ya pili.

Nirudi kwa yule dada wa bohari. Siku ya tatu baada ya ziara nilimfuata kumwomba radhi. Alikuwa anapanga katoni za karatasi, hakuacha kazi. Akaniambia, "Kiti hakikuniuma, ndugu yangu. Mwaka jana nafasi ya ofisa ugavi ilitangazwa, na mimi nililiona tangazo ubaoni wiki moja baada ya kufungwa. Cheti ninacho. Hicho ndicho kinaniuma."

Nikaenda kuchimba jinsi matangazo yetu yalivyokuwa yakitoka. Yalikaa siku saba. Yalibandikwa ubao wa makao makuu, kisha wakuu wakayarusha kwenye makundi yao ya simu, na makundi hayo yalikuwa ya watu waliosoma pamoja na kuoleana. Hakuna aliyekaa chini akapanga kuwabagua wengine. Habari ilikuwa inatembea kwa njia ya undugu, basi na kazi zikafuata njia hiyohiyo. Hapa ndipo ningekuomba utumie nusu ya nguvu zako zote, kabla hujagusa asilimia yoyote. Tuliongeza muda hadi wiki nne. Tulipeleka matangazo kwenye redio za mikoani na ofisi za wilaya za mbali. Tukafuta sharti la uzoefu wa miaka mitano kwa kazi za kuanzia, sharti ambalo halikuwa na sababu ila mazoea, na ambalo lilimfaa tu mtu ambaye tayari alikuwa na mjomba ndani. Majina yaliyokuja kwenye mchujo wa kwanza baada ya hapo sikuwahi kuyaona katika ofisi ile. Kwota ikawa na watu wa kuijaza, tena wenye sifa, na maneno ya "hatukupata" yakaisha yenyewe.

Usimwite mtu "wa kwota." Nasema hili kwa msisitizo kwa sababu nimeona linavyoua. Tulimpokea mhasibu kijana, hodari kweli, na siku ya kumtambulisha bosi akasema mbele ya wote, "Huyu ametujia kwa ile nafasi ya jamii za pembezoni." Alidhani anasifu sera. Kwa miaka miwili yule kijana hakukosea hesabu hata moja, na bado kila ripoti yake ilipitiwa mara mbili na watu waliokuwa chini yake. Akaondoka. Alama zake za usaili zilikuwa za juu kuliko za wote, na hakuna aliyelijua hilo isipokuwa jopo. Kama umeitumia kwota kupanua mlango, mtambulishe aliyeingia kwa kazi yake na shule yake, kama unavyowatambulisha wengine.

Na weka tarehe ya kuipitia upya. Mgawo usio na tarehe hugeuka mali ya watu. Bangladesh ilikuwa imetenga asilimia 30 ya kazi za serikali kwa vizazi vya wapiganaji wa vita vya ukombozi vya 1971. Mwaka 2024, mahakama ilipourudisha mgawo huo uliokuwa umefutwa, vijana walimiminika barabarani, mamia wakafa, na mwezi Agosti waziri mkuu akakimbia nchi. Mgawo ule haukuwa wa kabila, lakini ugonjwa wake ni uleule: sababu ya mwanzo ilieleweka, ila wajukuu hawakuwa na jibu kwa mwenzao aliyewauliza "hadi lini?" Sisi tulijiwekea kupitia kila miaka mitatu, kwa maandishi, daraja kwa daraja. Daraja likishasimama lenyewe, kwota yake inaondolewa.

Ujumbe mwingine ulikuja miaka minne baada ya ule wa kwanza. Mkurugenzi alikuwa mwingine, na vibandiko vya majina havikuwapo. Kila mtu alikaa alipofikia. Mgeni mmoja akauliza swali nililokuwa nalitarajia: wakuu wa idara wenu wanatoka wapi? Nikamwambia wako kumi na mmoja, na wanane bado wanatoka jamii moja. Chumba kikawa kimya. Nikaongeza kwamba miaka minne nyuma wa jamii hiyo walikuwa kumi. Akauliza wale wawili wa jamii nyingine walioongezeka walipatikanaje. Nikatoa tangazo la kazi la siku ishirini na nane na fomu ya alama ya jopo, isiyo na jina wala kabila, nikamsogezea. Akasoma hadi mwisho, akaomba nakala.