Kuhoji wanaopita mlangoni si sampuli nasibu

Mkuu, umeuliza kama kuwahoji wanafunzi 500 mlangoni mwa maktaba ni sampuli nasibu, na kama ukifikisha 2,000 dosari itaisha. Kote kuwili jibu ni hapana. Nami nilianzia hapo hapo mlangoni, na hojaji ya swali moja: unajisomea saa ngapi kwa wiki?

Nilidhani nasibu ni yeyote anayetokea. Siku ya pili nikajishika: anayepita mbio namwacha, walio kundi nawakwepa, anayenitazama usoni ndiye namfuata. Nilikuwa nachagua mwenyewe bila kujua. Sampuli huwa nasibu pale kila mmoja katika umma unaouchunguza anapokuwa na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa, na kura ndiyo inayoamua.

Hata ningerusha sarafu kwa kila aliyepita, mlango wenyewe ungeniangusha. Tuseme nusu ya wanafunzi huja siku 5 kwa wiki na hujisomea saa 20, nusu nyingine huja siku 1 na hujisomea saa 4. Wastani wa kweli ni saa 12. Ukikaa mlangoni wiki nzima, wale wa kwanza wanapita mara 5, hawa mara 1 tu. Basi katika kila wapitaji 6, watano ni wa saa 20, na wastani wako unapanda hadi saa 17 na kitu. Hoji 2,000, utapata 17 ile ile, tena ukiwa na uhakika zaidi nayo. Na asiyekanyaga maktaba hayumo kabisa.

Sampuli kubwa hupunguza kuyumba kwa jibu, ila upendeleo, yaani jibu kuelemea upande mmoja, haiugusi. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za kura ya maoni kama milioni 10, nyingi kwa majina yaliyotoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari. Zilirudi zaidi ya milioni 2, zikampa Landon ushindi wa urais dhidi ya Roosevelt. Kwenye uchaguzi wenyewe Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Wakati ule simu na gari havikuwa vya kila mtu, na walioona haja ya kurudisha karatasi hawakuwa sawa na walionyamaza.

Hilo la kunyamaza ndilo naomba ulishike sana. Msimamizi wangu alinirudisha kwenye orodha ya usajili. Nikayapa majina namba, nikatoa 150 kwa jedwali la namba nasibu, nikaandikia wote. Walijibu 61. Nilitaka kujazia pengo kwa wengine walio tayari, akanikatalia katakata: tafuta jibu la yule yule aliyechaguliwa. Nikawafuata vyumbani, wengine mara tatu. Wale wa mwisho kupatikana ndio waliokuwa na saa chache kuliko wote. Ningewaacha njiani, ningerudi kwenye kosa la mlangoni kwa njia nyingine.

Kuhusu matabaka na vishada, njia mbili za kuchagua sampuli ambazo wengi huzichanganya: kwenye matabaka unagawa umma, kwa mfano kwa mwaka wa masomo, halafu unachagua baadhi ya watu kutoka kila tabaka. Kwenye vishada, kwa mfano mabweni, unapiga kura kuchagua mabweni machache na kuwahoji wote waliomo. Vishada hukupunguzia kutembea huku na huko, lakini wanaoishi pamoja hufanana, kwa hiyo watu 100 wa bweni moja hawakupi habari sawa na watu 100 waliotawanyika. Kuchukua kila jina la 10 pia ni sawa, mradi uanze kwa kura na orodha isiwe na mpangilio unaojirudia.

Kwa kazi yako, watu 150 waliotoka kwenye orodha na kufuatwa hadi wakajibu watakufaa kuliko 2,000 wa mlangoni. Omba orodha kwanza. Ukiipata, andika hapa ina majina mangapi na imepangwaje, tupange namba pamoja.