Bonsai (mti unaokuzwa ukiwa mdogo kwenye chungu) ya mkwaju imeota mizizi upande mmoja, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo Mikindani, bonsai yangu ya mkwaju shina limenona lakini mizizi yote iko upande mmoja, ukiitazama kama kuku kasimama mguu mmoja. Niitupe tu?

JIBU: Marahaba, usitupe bana! Ngoja mvua za Desemba zianze, alafu funga waya wa shaba kwenye shina juu kidogo ya hiyo mizizi ya sasa, kaza na plaizi mpaka uzame kwenye gome, manake chakula kinachoshuka toka kwenye majani kikikwama pale shina linavimba na mizizi mipya inatokea juu ya waya, tena kuzunguka pande zote. Kwangua gome kidogo hapo juu ya waya, paka dawa ya kuotesha mizizi kama unayo, kisha fukia na mchanga uliochanganya na vumbi la makumbi ya nazi, huko kwenu yamejaa. Pasikauke hata siku moja. Na usifukuefukue! Mimi niliwahi kuchungulia baada ya wiki tatu nikavunja vimizizi vyeupe vilaini kama tambi, nikaanza upya. Mizizi mipya ikishajaa ndo unakata shina chini ya waya, ile ya zamani unaachana nayo.